Siri ya ncha za kromosomu: Jeni iliyopaswa kunyamaza inaposomwa

Na Mwandishi Wetu

KIJANA anakaza midomo apige mluzi, lakini hewa inatoka bila sauti. Miaka inapita, anagundua kwamba hawezi tena kuinua mkono hadi kwenye kamba ya kuanikia nguo, na nyumbani wanamwambia kuwa anapolala macho hayafumbi sawasawa. Haumwi homa, hana jeraha na wala hakuanguka. Misuli ya uso, ya mabega na ya mikono inapungua kidogo kidogo.

Hizo ni dalili za kawaida za ugonjwa wa misuli ambao madaktari wawili wa Ufaransa, Louis Landouzy na Joseph Dejerine, waliueleza kwa mara ya kwanza kwa kina katika miaka ya 1880. Kitaalamu unafahamika kwa kifupisho cha FSHD, jina linalotokana na sehemu tatu za mwili unazozishambulia kwanza, yaani uso, bega na mkono wa juu. Makadirio yanayotumika zaidi ni kwamba unampata mtu mmoja kati ya watu 8,000 hadi 20,000, na mzazi mwenye ugonjwa huo ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kumrithisha kila mtoto anayemzaa.

Kwa zaidi ya karne moja chanzo chake hakikujulikana. Kilipobainika mwaka 2010, kilikuwa cha aina ambayo wengi hawakuitarajia. Hakuna jeni iliyokatika wala kuandikwa vibaya. Kinachotokea ni kwamba jeni moja iliyo karibu kabisa na ncha ya kromosomu namba 4, ambayo mwili wenye afya huifunga tangu siku za mwanzo za mimba, inafunguliwa na kusomwa ndani ya msuli, mahali ambapo haikupaswa kusomwa kamwe.

Makala haya yanaeleza jinsi seli ya binadamu inavyodhibiti usomaji wa jeni zilizo kwenye ncha za kromosomu, na kwa nini udhibiti huo unahusiana na uzee, saratani na magonjwa ya kurithi.

Unukuzi ni nini?

Ndani ya kiini cha seli ya kawaida ya binadamu mna kromosomu 46, yaani jozi 23, nusu zikitoka kwa baba na nusu kwa mama. Kila kromosomu ni uzi mrefu wa DNA ulioandikwa kwa herufi nne za kikemia, ambazo ni A, T, G na C. Jeni ni sehemu ya uzi huo yenye maelekezo ya kutengeneza kitu fulani, mara nyingi protini. Binadamu ana jeni za protini zipatazo 20,000.

DNA hiyo haitoki ndani ya kiini. Jeni inapohitajika, kimeng'enya kiitwacho polimerasi hupita juu yake na kutoa nakala ya RNA, ambayo ndiyo hutoka kwenda kutumika. Mtu aliyewahi kufuata hati katika masjala ataelewa haraka: kitabu kikuu hakiruhusiwi kutoka nje ya ofisi, bali karani hunakili ukurasa unaotakiwa na kumkabidhi mwombaji nakala. Kazi hiyo ya kunakili ndiyo inayoitwa unukuzi.

Seli ya ini na seli ya ngozi zina kitabu kimoja, herufi kwa herufi. Zinatofautiana kwa sababu kurasa zinazonakiliwa si zile zile. Kwa maana hiyo, kuzuia jeni isisomwe ni kazi muhimu sawa na kuisoma.

Seli hutumia njia kuu mbili kuzuia unukuzi. Ya kwanza ni kuikaza DNA kwenye protini ziitwazo histoni, ambazo uzi wa DNA huzungushwa juu yake kama uzi wa cherehani juu ya kibiringo. Ukikazwa sana, polimerasi haipati pa kushika. Ya pili ni kubandika alama ndogo za kikemia, zinazojulikana kama methili, juu ya herufi C. Penye methili nyingi mwanzoni mwa jeni, kwa kawaida jeni hiyo hunyamaza.

Upindo wa kanga

Kila kromosomu ina ncha mbili, hivyo seli moja ina ncha 92. Mnunuzi wa doti ya kanga anajua kwamba baada ya kuikata vipande viwili hana budi kumpelekea fundi avipinde, la sivyo nyuzi zitachomoka moja baada ya nyingine. Ncha za kromosomu nazo zina upindo wake, uitwao telomea.

Jina hilo lilitolewa mwaka 1938 na Mmarekani Hermann Muller, aliyekuwa akiwapiga inzi wadogo wa matunda kwa miale ya eksirei. Aliona kuwa kromosomu zilizovunjika huweza kuungana upya, lakini ncha za asili haziungani. Katika miaka hiyo hiyo Barbara McClintock aligundua jambo kama hilo kwenye mahindi: kromosomu iliyopoteza ncha yake hujigandisha na nyingine, kisha huvunjika tena seli inapogawanyika.

Maandishi ya upindo huo yalisomwa kwa mara ya kwanza mwaka 1978, pale Elizabeth Blackburn na Joseph Gall walipochunguza kiumbe kidogo cha majini kiitwacho Tetrahymena. Mwaka 1988 ikathibitika kuwa kwa binadamu ncha zote zimeandikwa neno moja la herufi sita, TTAGGG, linalorudiwa maelfu ya mara. Mtoto anapozaliwa, telomea zake huwa na urefu wa takriban herufi 10,000 hadi 15,000.

Urefu huo haudumu. Mashine ya kunakili DNA haiwezi kufika mwisho kabisa wa uzi, hivyo kila seli inapogawanyika ncha hupungua kwa herufi kati ya 50 na 200. Mwaka 1961 Leonard Hayflick na Paul Moorhead walikuwa wameonyesha kwamba seli za kawaida za binadamu zikikuzwa maabara hugawanyika mara 40 hadi 60, kisha zikasimama. Telomea fupi ndizo zinazozisimamisha.

Kimeng'enya kinachoweza kurefusha ncha hizo, telomerasi, kiligunduliwa na Carol Greider akiwa mwanafunzi wa Blackburn. Aliona ishara yake ya kwanza maabara siku ya Krismasi mwaka 1984. Wawili hao pamoja na Jack Szostak walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2009.

Telomea haziachwi wazi. Zimefunikwa na kundi la protini sita ambalo Titia de Lange alilipa jina la shelterini mwaka 2005, kwa maana ya kitu kinachohifadhi. Pia ncha yenyewe hukunjwa ikarudi ndani na kujichomeka, ikawa kitanzi. Bila ulinzi huo, seli ingedhani kwamba DNA yake imekatika na kuanza kuunganisha kromosomu ovyo.

Nyekundu na nyeupe

Hadi hapo telomea zinaonekana kama kinga tu. Lakini tangu mwaka 1930 Muller alikuwa ameona jambo jingine. Jeni ya rangi ya jicho la inzi, ikihamishwa kwa bahati mbaya hadi karibu na eneo la kromosomu lililokazwa, iliwaka katika baadhi ya seli na kuzimika katika nyingine, na jicho likawa na madoa. Jeni ilikuwa nzima. Kilichobadilika ni mahali ilipokaa.

Mwaka 1990 Daniel Gottschling na wenzake waliijaribu hali hiyo kwenye ncha, wakitumia hamira, ile ile jamii inayoumusha mikate. Walichukua jeni ambayo ikisomwa koloni la hamira huwa jeupe, na isiposomwa huwa jekundu. Walipoiweka katikati ya kromosomu, makoloni yote yalikuwa meupe. Walipoiweka kando ya telomea, makoloni yalitoka na mabaka, mengine meupe na mengine mekundu, ingawa kila seli ilikuwa na jeni ile ile.

Matokeo hayo yalionyesha mambo mawili. Kwanza, telomea husambaza ukimya kwa majirani zake. Pili, seli ikishanyamazisha jeni hiyo, watoto na wajukuu wake huurithi ukimya huo kwa vizazi kadhaa kabla haujageuka. Wataalamu waliita hali hii athari ya mahali pa telomea.

Je, binadamu naye yumo? Jibu lilitolewa mwaka 2001 na Joseph Baur, Woodring Wright na Jerry Shay wa Dallas, Marekani. Walitumia seli za HeLa, ambazo asili yake ni uvimbe wa saratani wa Henrietta Lacks aliyefariki dunia mwaka 1951. Waliingiza jeni inayotoa mwanga, ile ya kimulimuli. Ilipokuwa karibu na telomea, mwanga wake ulikuwa hafifu kwa wastani wa mara kumi kuliko ilipokuwa kwingineko. Walipozirefusha telomea za seli hizo, mwanga ulipungua zaidi, mara mbili hadi mara kumi.

Maana ya tarakimu hizo ni nzito. Telomea ndefu hunyamazisha zaidi. Fupi hunyamazisha kidogo. Na kwa kuwa telomea hufupika kadiri mtu anavyozeeka, jeni zilizo jirani na ncha zinaweza kuanza kusomwa uzeeni bila hata herufi moja ya DNA yake kubadilika.

Ncha si bubu

Kutokana na matokeo hayo, vitabu vya chuo viliendelea kufundisha kuwa telomea zenyewe hazisomwi kabisa. Ilikuwa dhana yenye mantiki: eneo limekazwa, halina jeni, limerudiwa neno moja maelfu ya mara.

Mwaka 2007 dhana hiyo iliangushwa. Claus Azzalin, Joachim Lingner na wenzao waliokuwa Lausanne, Uswisi, walitangaza kuwa wamekuta ndani ya seli za binadamu RNA iliyonakiliwa kutoka kwenye telomea. Waliipa jina la TERRA. Mwaka uliofuata Stefan Schoeftner na Maria Blasco wa Hispania walithibitisha jambo hilo katika seli za panya na za viumbe wengine.

TERRA huanza kunakiliwa katika eneo lililo kabla tu ya telomea, ambalo hapa tutaliita kitongoji cha telomea, kisha polimerasi huendelea kuelekea ncha. Nakala inayotoka ina neno UUAGGG likijirudia, kwani katika RNA herufi U hushika nafasi ya T. Baadhi ya nakala ni fupi, zina herufi mia moja hivi. Nyingine hufika 9,000. Haitumwi nje kutengeneza protini kama RNA ya kawaida, bali sehemu yake kubwa hubaki ndani ya kiini, nyingine ikiwa imejishikiza kwenye ncha zenyewe.

Kazi zake bado zinachambuliwa, ila kadhaa zimeonekana wazi. TERRA huvuta protini zinazoikaza DNA ya ncha, hivyo nakala ya eneo husaidia kulinyamazisha eneo hilo hilo. Aidha, katika majaribio ya maabara hukifungamana kimeng'enya cha telomerasi na kukizuia, kwa sababu herufi zake zinalingana na kiolezo ambacho kimeng'enya hicho hubeba.

Lakini TERRA ikizidi ni hatari. RNA hiyo huweza kujipenyeza kati ya nyuzi mbili za DNA na kuunda fundo la nyuzi tatu. Mashine ya kunakili DNA ikifika hapo hukwama, na ncha inaweza kukatika. Ndiyo sababu seli haiachi unukuzi huu uende holela.

Nani anashika ufunguo?

Utafiti wa miaka iliyofuata umeonyesha kuwa ufunguo haushikwi na mlinzi mmoja, bali na kadhaa wanaosimama pamoja.

Mlinzi wa kwanza ni methili. Katika vitongoji vingi vya telomea, mahali unukuzi wa TERRA unapoanzia pana herufi C na G nyingi, na juu yake vimeng'enya viitwavyo DNMT1 na DNMT3B hubandika methili. Zikiondolewa, TERRA huongezeka sana.

Wa pili ni urefu wa telomea. Mwaka 2012 watafiti wa Ubelgiji walionyesha kuwa telomea inaporefuka, histoni zake hupata alama zaidi za ukimya na TERRA hupungua. Hivyo ncha hujipima: ikiwa ndefu husomwa kidogo, ikifupika husomwa zaidi.

Wa tatu ni shelterini. Protini yake iitwayo TRF2 ikiondolewa, ncha hufunguka na TERRA hupanda.

Wapo pia wanaofungua. Mwaka 2012 Zhong Deng, Paul Lieberman na wenzao wa Taasisi ya Wistar, Philadelphia, walieleza kuwa protini CTCF, ikisaidiwa na koheshini inayoshikanisha nyuzi, hukaa kwenye vitongoji hivyo na kuisaidia polimerasi kuanza kazi. Ikiondolewa, TERRA hupungua na ncha hukosa uthabiti.

Mwisho ni saa. Seli inayojiandaa kugawanyika huwa na TERRA nyingi mwanzoni mwa mzunguko wake, kisha huishusha wakati wa kunakili DNA na baada yake. Ratiba hiyo ina mantiki: polimerasi ya unukuzi na mashine ya kunakili DNA zikikutana kwenye ncha moja kwa wakati mmoja, ajali haiko mbali.

Mkunjo unaofika mbali

Kwa muda iliaminika kuwa telomea huathiri majirani wa karibu tu. Mwaka 2014 Jérôme Robin, Jerry Shay na Woodring Wright walionyesha kuwa si lazima iwe hivyo. Telomea ndefu hukunja kromosomu na kugusa jeni zilizo mbali, hata herufi milioni 10 kutoka kwenye ncha, huku jeni zilizo katikati zikirukwa. Telomea ikifupika, mkunjo hufunguka na jeni hizo hubadilika namna ya kusomwa.

Mojawapo ya jeni zinazoguswa ni TERT, yenye maelekezo ya sehemu kuu ya telomerasi. Jeni hiyo iko kwenye kromosomu namba 5, umbali wa herufi zipatazo milioni 1.2 kutoka kwenye ncha. Mwaka 2016 kundi hilo la Dallas liliripoti kuwa katika seli changa, telomea ndefu huwa karibu na TERT na kuchangia kuifunga. Katika seli zilizozeeka ukaribu huo hupotea na kufuli hulegea.

Hapo ndipo uzee na saratani vinapokutana. Seli ya saratani inahitaji kugawanyika bila kikomo, na takriban asilimia 85 hadi 90 ya saratani za binadamu hufanya hivyo kwa kuiwasha tena telomerasi. Kulegea kwa kufuli peke yake hakuleti saratani, lakini kunaweza kuwa hatua moja kati ya nyingi.

Rudi kwenye kromosomu namba 4

Sasa tunaweza kumrudia kijana aliyeshindwa kupiga mluzi.

Karibu na ncha ya mkono mrefu wa kromosomu namba 4 kuna kipande cha DNA chenye herufi 3,300, kiitwacho D4Z4, kinachojirudia kimoja baada ya kingine. Watu wengi wana marudio 11 hadi 100 au zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti waligundua kuwa wagonjwa wengi wa FSHD wana marudio 10 au pungufu. Cha ajabu, mtu asiye na rudio hata moja haugui. Lazima libaki walau moja.

Fumbo hilo lilitatuliwa hatua kwa hatua. Ndani ya kila rudio mna jeni iitwayo DUX4. Kazi yake halali huifanya katika kiinitete cha siku chache, ambako huwasha jeni nyingine nyingi mara baada ya mimba kutungwa. Utafiti wa mwaka 2017 ulilibainisha hilo. Ikishamaliza, hufungwa. Marudio yakiwa mengi, seli huyatambua na kuyafunika kwa methili na histoni zilizokazwa. Yakiwa machache, kifuniko huwa chepesi.

Hata hivyo, kifuniko chepesi peke yake hakitoshi. Mwaka 2010 Richard Lemmers, Silvère van der Maarel wa Leiden, Uholanzi, na wenzao walieleza kuwa nakala ya DUX4 inayotoka huoza haraka isipokuwa pale ambapo baada ya rudio la mwisho pana alama fulani ya DNA inayoiimarisha. Baadhi ya watu wana alama hiyo kwenye kromosomu namba 4, wengine hawana. Kromosomu namba 10 ina marudio yanayofanana karibu kabisa, lakini kwa kawaida haina alama hiyo, hivyo kupungua kwake hakuleti ugonjwa.

Kwa ufupi, anayeugua amekutana na mambo mawili kwa pamoja: kufuli lililolegea na nakala inayodumu. Sehemu ndogo ya wagonjwa, karibu asilimia 5, wana marudio mengi kiasi lakini mlinzi mwenyewe ndiye mbovu. Mwaka 2012 ilibainika kuwa wengi wa hao wana kasoro kwenye jeni SMCHD1, inayosaidia kukaza eneo hilo.

Na telomea ina nafasi gani? D4Z4 iko makumi machache tu ya maelfu ya herufi kutoka kwenye ncha. Mwaka 2013 Guido Stadler pamoja na Wright, Shay na wenzao walikuza seli za misuli kutoka kwa wagonjwa na kuona kuwa kadiri telomea zilivyofupika, DUX4 ilisomwa zaidi, hadi mara kumi. Jambo hilo linaweza kueleza kwa nini mtu anayezaliwa na kasoro hiyo huishi miaka mingi bila dalili, kisha misuli ikaanza kumsaliti akiwa katika ujana au utu uzima.

Madhara yake hayalingani na wingi wake. Katika misuli ya mgonjwa iliyokuzwa maabara, karibu seli moja tu kati ya elfu hukutwa ikisoma DUX4 kwa wakati fulani. Lakini seli hiyo huwasha jeni za kiinitete zisizo na kazi kwenye msuli, kisha hufa. Leo moja, kesho nyingine, na baada ya miaka ishirini bega limebaki mfupa.

Pale mlinzi anapokosekana

FSHD si ugonjwa pekee wa aina hii. Kuna watoto wachache wanaozaliwa na kinga dhaifu ya mwili na sura yenye maumbile yasiyo ya kawaida, hali iitwayo ICF, kwa sababu ya kasoro katika jeni ya DNMT3B iliyotajwa juu. Mwaka 2008 ilionekana kuwa vitongoji vyao vya telomea havina methili ya kutosha, TERRA imezidi na telomea zao ni fupi mno. Hapo ushahidi kwamba methili hulinda ncha ulitoka moja kwa moja kwa mgonjwa.

Katika saratani pia upo mfano wa kinyume. Kati ya asilimia 10 na 15 za saratani, zikiwemo baadhi za mifupa na za ubongo, hazitumii telomerasi. Badala yake huazima maandishi ya ncha moja kurefusha nyingine. Saratani hizo huwa na TERRA nyingi, na mara nyingi zimepoteza protini ATRX, mmoja wa wakazaji wa DNA. Kile ambacho kwa seli ya kawaida ni hatari, kwao kimekuwa njia ya kuishi.

Vimelea nao wanajua siri hii

Ukimya wa ncha haukubuniwa na binadamu. Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya kujua kwamba vimelea viwili vinavyomsumbua huutumia dhidi yake.

Cha kwanza ni kimelea cha malale, kinachoenezwa na mbung'o. Kimelea hicho huvaa koti la protini ya aina moja, na kina zaidi ya jeni elfu moja za makoti tofauti. Lakini koti husomwa tu likiwa kwenye kituo maalumu kando ya telomea. Vituo hivyo ni takriban 15, na kimoja tu ndicho huwa wazi kwa wakati mmoja. Kinga ya mwili ikilitambua koti lililovaliwa, vimelea vichache vilivyokwisha kubadili hunusurika na kuongezeka upya. Kwa kweli, unukuzi wa telomea ulionekana kwa vimelea hao tangu mwaka 1989, miaka 18 kabla ya TERRA ya binadamu.

Cha pili ni kimelea cha malaria kali, Plasmodium falciparum. Kina jeni 60 hivi ziitwazo var, nyingi zikiwa karibu na ncha za kromosomu. Moja husomwa, zilizobaki hunyamazishwa, mojawapo ya nyenzo ikiwa protini ya Sir2, jamii ile ile inayonyamazisha ncha za hamira. Hiyo ni sababu mojawapo ya kinga dhidi ya malaria kuchelewa kukomaa: mwili hulazimika kujifunza sura nyingi za adui mmoja.

Tiba iko wapi?

Kujua chanzo si sawa na kupata dawa. Kwa wagonjwa wa FSHD, matumaini makubwa yaliwekwa kwenye kidonge kiitwacho losmapimod, kilichokusudiwa kupunguza usomaji wa DUX4. Septemba 2024 ilitangazwa kuwa katika jaribio la mwisho hakikufanya vizuri kuliko kidonge kisicho na dawa. Juhudi zimeelekezwa pia kwenye dawa zinazoiharibu RNA ya DUX4 baada ya kunakiliwa, ambazo zimeingia katika majaribio kwa binadamu. Kwa sasa mgonjwa husaidiwa kwa mazoezi yanayosimamiwa, vifaa vya kushikilia viungo na, kwa baadhi, upasuaji wa kufunga bega.

Kwa upande wa utafiti, kikwazo cha muda mrefu kilikuwa kwamba ncha zenyewe hazikuwa zimesomwa zote. Mradi uliotangazwa kukamilika mwaka 2003 uliacha karibu asilimia 8 ya maandishi ya binadamu, kwa sababu maeneo yanayojirudia yalizishinda mashine za wakati huo. Mwaka 2022 tu ndipo kundi la wanasayansi wa nchi mbalimbali lilipochapisha seti ya kwanza iliyosomwa kutoka telomea hadi telomea.

Jambo la mwisho linamhusu mtu wa kawaida anayepita dukani au anayesoma matangazo kwenye simu. Zipo bidhaa zinazouzwa kwa ahadi ya kurefusha telomea na kurudisha ujana. Mnunuzi ajiulize maswali mawili. Je, ipo dawa iliyothibitishwa kumrejeshea mtu mwenye afya ujana kwa njia hiyo? Haipo. Na je, telomea ndefu ni heri tupu? Si hivyo. Tafiti zimehusisha telomea ndefu kupita kawaida na ongezeko la hatari ya baadhi ya saratani, kama ile ya ngozi iitwayo melanoma, wakati zilizo fupi mno huambatana na magonjwa ya uboho na ya mapafu.

Familia ambayo watu wake kadhaa wanapungukiwa nguvu za uso na mabega, kizazi hadi kizazi, isiridhike na maelezo ya kwamba ni udhaifu wa ukoo au kwamba wamerogwa. Imwone daktari wa mishipa ya fahamu na misuli. Upo uchunguzi wa DNA unaohesabu marudio ya D4Z4, na ingawa hautibu, humwezesha mtu kujua anachougua, kuacha dawa zisizomsaidia na kupanga uzazi wake akiwa na taarifa sahihi.